Songea Isiyo na Watani

Majengo, Songea,
Jumapili, baada ya misa ya pili.

Kwako Abdulhamid, mtani wangu na mtumwa wangu wa kurithi,

Asalaam aleykum, kama bado unapokea salamu kutoka kwa Mngoni. Hujambo? Mama Zulfa anaendeleaje? Korosho zimeanguka vizuri mwaka huu, au zinaringa kama wenyewe Wayao? Hapa kwetu sote wazima. Mama Walburga anakusalimu na anauliza kama unakula, kwa sababu yeye anaamini mtu akitoka Majengo kwenda Tunduru hapewi chakula mpaka arudi.

Mimi mwenyewe afya ninayo, tena ya kugawa. Nakuarifu rasmi kwamba tangu juzi ndimi mwandishi mkubwa kuliko wote waliowahi kuzaliwa kati ya milima ya Matogoro na Mto Ruvuma. Naambiwa hata ng'ambo ya mto wameanza kusikia. Nimeliza darasa zima, Abdul. Saimon, yule anayejisifu kwamba hakulia hata siku ya kuzaliwa, alifuta kamasi kwa tai ya shule. Madam Pamela alitoka nje kidogo, akarudi na macho mekundu akisingizia vumbi la chaki, na ubao ulikuwa haujaguswa tangu asubuhi. Nimepewa kamusi nzito kama tofali. Mimi! Mimi niliyerudia Kidato cha Pili kama mtu anayerudia ugali! Jua la Songea siku hizi kabla ya kuchomoza linapita kwanza dirishani kwangu kuuliza kama nimeshaamka.

Haya, cheka basi.

Najua hujacheka. Najua umeninunia, na sababu naijua. Siku ya mazishi ya mzee wako Abasi nilikutumia ujumbe kwamba gari limeharibika Namtumbo na sitawahi. Baadaye Remmy, huyo konda wa basi la Masasi mwenye mdomo usio na breki, akakuambia gari lao halikuharibika popote siku hiyo, na Thadei hakuwemo. Ukaniandikia maneno machache: Remmy amesema kweli, usinipigie tena. Sijakupigia. Nimeandika barua, maana barua haijakatazwa, na nimemkabidhi huyohuyo Remmy ailete, awe na faida japo mara moja. Nakuomba uisome mpaka mwisho. Ukitaka kuichana, chana baada ya jina langu.

Nianze na shule, halafu nitafika huko.

Unakumbuka siku Madam Pamela alipoingia na lile neno lake distopia? Nikanyoosha mkono nikauliza kama ni ugonjwa wa mifugo, akanisimamisha kipindi kizima. Alisema ni hadithi za kesho iliyoharibika. Alisema watu wengi wakiambiwa waandike hadithi za namna hiyo wanakimbilia mabomu na mashine, lakini kazi yenyewe ni ngumu zaidi. Mtu achague kitu kimoja anachokipenda mpaka amesahau kwamba anakipenda, kisha aje mkubwa mmoja akiondoe kwa sababu nzuri, tena kwa upole, halafu mwandishi amfuate mtu mmoja tu aone anaishije. Suzana akaandika Songea ambayo mvua inapigiwa mnada. Saimon akajaza Majengo roboti zenye bunduki, na kila mtu akafa ukurasa wa kwanza. Madam akamuuliza kwa upole, sasa Saimon, hadithi iliyobaki anaisimulia nani? Akajibu roboti.

Sisi wawili tulikaa wiki nzima hatuna kitu. Mimi nilitaka waondoe nyama choma, wewe ukasema hiyo si distopia, hiyo ni Kwaresima. Halafu siku ile uliponiita mkimbizi aliyechoka njiani akajenga hapohapo, nami nikakuambia babu zako walikimbia mkuki wa babu zangu mpaka wakasahau viatu, Madam akadhani tunagombana, akaja mbio kutuamua. Yeye ni mtu wa Kagera, mambo yetu ya kusini hayajui. Ndipo tukamweleza kwamba sisi ni watani, Mngoni na Myao, na kwamba utani wenyewe hasa uko msibani. Ukamwambia kwenye mazishi ya Myao anakuja Mngoni, analala njiani mbele ya jeneza, anadai jogoo, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kukohoa, na hakuna anayekasirika. Madam akashika kichwa. Akauliza, na wafiwa wanafanya nini? Wewe ukamjibu kwa mkato kwamba wafiwa wanacheka, na wakishacheka wanaweza kula.

Mimi nikaongezea habari ya Babu Pankrasi, maana hiyo niliiona kwa macho yangu. Babu alipofariki, Mama Walburga alikauka. Hakula, hakusema, hata kulia alishaacha, alikaa tu kama gunia lililoegemezwa ukutani. Ndipo mzee wako akatokea kutoka Nakapanya, amevaa koti la mtu mwingine ndani nje. Alipofika kaburini hakusalimia mtu, alishuka shimoni akajilaza chali, akajinyoosha, akaanza kulalamika kwa sauti kwamba Wangoni ni wabahili hata wa udongo, shimo fupi, miguu ya Pankrasi itakaa wapi, au mnataka aifuate kesho? Akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Mama Walburga alicheka, Abdul. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia vizuri, kilio chenye mwisho. Jioni alikula. Nilikuwa mdogo, lakini siku hiyo niliamua kwamba nikikua nitakuwa Mzee Abasi.

Madam Pamela akasema basi hadithi yenu mmeshaipata, kilichobaki ni kuandika.

Tukaiandika. Songea ya miaka mingi ijayo, majengo ya vioo mpaka Matogoro, na Idara ya Heshima imepiga marufuku utani. Sababu zao nzuri kabisa: utani unaleta ubaguzi, unadhalilisha marehemu, unapoteza muda wa mazishi. Kila raia anavalishwa kidude kooni kinachohesabu vicheko. Wafiwa wanagawiwa vidonge vya utulivu. Matokeo yake msiba ukiingia nyumbani hautoki. Kuna mama tulimweka mtaa wa Lizaboni anayemlilia mumewe tangu watoto wakiwa wadogo mpaka wamekuwa wazee, na majirani wamezoea sauti yake kama watu wanavyozoea mashine ya kusaga. Huyo mama ulimbuni wewe. Nilikuambia ni mzuri, lakini sikukuambia kwamba nililala nikimwaza.

Tulibishana kabila la shujaa, unakumbuka. Mimi nikasema mtani wa mwisho duniani lazima awe Mngoni, na Myao awe maiti, kwa kuwa kazi ya maiti ni rahisi, haina maneno ya kukariri. Ukacheka ukasema siku zote Wayao ndio wanaokufa kwenye hadithi zangu. Abdul, hayo maneno sasa hivi yananiwasha kama upupu.

Na tulibishana mwisho. Mimi nilitaka shujaa aingie msibani mbele ya askari wote, aseme maneno ya Mzee Abasi ya lile shimo fupi, watu wacheke mpaka vidude vyote vya koo vipasuke. Wewe ukasema hapana. Ukasema labda anafika, anafungua mdomo, sauti haitoki. Nikakuzomea. Nikakuita mtani wa plastiki. Ukaniuliza swali moja tu, na kama alimpenda marehemu? Nikakujibu kwa dharau kwamba mtani hapendi, mtani anafanya kazi. Nikaandika mwisho wangu kwa kalamu ya wino, usifutike.

Wiki iliyofuata ukaitwa nyumbani, mzee amezidiwa.

Sasa nakuambia jambo ambalo sikukuambia. Safari yake ya mwisho hapa Songea, alipokuja kupima kifua, wewe ulikuwa darasani na mimi nilikuwa nimefukuzwa kwa sababu ya ndevu hizi ambazo wivu wenu hauzioni. Nilishinda naye hapa nyumbani. Alikuwa ameanika betri za redio yake juani, juu ya bati la banda la kuku, amezipanga kama wanafunzi mstarini. Nilimcheka kwamba redio duniani kote zinanunuliwa betri, yeye zake anazilea kama vifaranga. Akaniambia betri ni kama mtu, haifi mara moja, ukiipa jua kidogo inasema maneno mawili matatu. Kisha akanitazama, akaniambia siku yake ikifika hataki kuona Mngoni mwingine yeyote, anataka mimi, kwa sababu mimi ni mshenzi kuliko wote anaowajua. Akaniusia nisilie. Akasema kulia watalia wenye kazi hiyo, wewe kazi yako ni kuwafanya wanyamaze. Nikamwambia ondoa shaka mzee, nitakuaibisha mpaka malaika wajifiche. Akafurahi sana. Alipoondoka alisahau kofia yake ile iliyochanika pembeni. Au aliiacha makusudi, sijui.

Uliponipigia kwamba mzee hatunaye, sikulia. Naapa. Nilikaa nikapanga maneno yangu kama fundi anayepanga vyombo vyake. Nitavaa kofia yake. Nitakohoa kikohozi chake. Nitalala mbele ya jeneza niseme siwezi kumruhusu kupita mpaka aeleze redio anamwachia nani na betri atazianika wapi huko aendako. Nilijiona kabisa nikifanya. Nilijaribu mbele ya Mama Walburga akacheka huku anafuta macho, akasema nenda mwanangu, nenda ukalipe cheko langu.

Asubuhi nilitoka stendi nikarudi nyumbani kuichukua kofia niliyoisahau, nilipofika tena nikakuta basi la kina Remmy limeshaondoka. Ndiyo maana hakuniona. Nilipata lori lililokuwa linapeleka magunia matupu ya korosho huko kwenu, nikalala juu ya magunia, kofia kifuani, nikirudia maneno. Dereva alinishusha Nakapanya barabarani kabla ya adhuhuri.

Ndiyo, Abdul. Umesoma sawasawa. Nilikuja.

Nilipita njia ya nyuma, kwenye mikorosho yenu, ili nitokee ghafla kama anavyotokea mtani. Nilikuwa nimeshavaa kofia. Nilikuwa nimeshaanza hata kukohoa kidogo, kujaribu koo. Nikafika nyuma ya lile ghala la korosho, nikachungulia. Nikaona wanaume kwenye majamvi, nikaona jeneza, nikasikia akina mama ndani. Hayo yote nilikuwa nimeyatarajia, hayakunitikisa.

Kisha nikaona betri. Zilikuwa kwenye ukingo wa bati la jiko, zimepangwa mstari, juani. Alikuwa amezianika mwenyewe kabla hajalazwa, na watu wote mliokuwa pale hakuna aliyekuwa na akili ya kuziondoa. Zilikuwa zimeiva kabisa. Zilikuwa tayari kusema maneno mawili matatu.

Nilijaribu kukohoa kikohozi cha mzee, kikatoka kitu kingine. Nilikaa chini nyuma ya ghala nikalia kama mtoto aliyeachwa sokoni, nimeziba mdomo kwa kofia nisisikike. Nilisema moyoni, dakika moja tu, nitanyanyuka. Nikanyanyuka. Nikachungulia tena, nikakuona wewe na ile kanzu yake iliyokupwaya mabegani, nikakaa tena chini.

Nikatoa simu nikaandika ule uongo wa Namtumbo. Niliuandika nikiwa ndani ya boma lenu, Abdul. Nilikuona ukiitoa simu mfukoni mwa kanzu, ukasoma, ukairudisha. Nilijua utakasirika. Hukukasirika. Uliwageukia wazee ukaniombea udhuru, ukawaambia mtani wetu amepata matatizo ya gari njiani, angekuja, namjua. Mzee mmoja akasema basi na twende, maiti hangoji gari. Mkabeba. Hakuna aliyelala njiani. Hakuna aliyedai jogoo. Mlipita kimya, na nyumba nzima ikabaki inalia kilio kile cha yule mama wa Lizaboni uliyembuni.

Mlipokwisha kupotelea makaburini nilirudi barabarani kwa njia ile ile ya mikorosho. Kofia nilikuja nayo tena huku. Ipo mbele yangu hapa mezani.

Sasa utaelewa na habari ya ile zawadi ya kamusi. Madam Pamela alisema hadithi isomwe hata kama mwenzangu hayupo, nikasimama mbele ya darasa peke yangu. Nilisoma vizuri, unanijua, kwa madaha yote. Nikafika mwisho wangu wa kalamu ya wino, pale shujaa anapoingia msibani na kusema shimo hili fupi, miguu itakaa wapi. Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka. Nilijaribu tena, nikaanza kulia palepale mbele ya ubao, kwa sauti. Darasa zima likadhani naigiza. Walidhani ndivyo tulivyoandika. Wakalia nao, kisha wakasimama wakapiga makofi mpaka darasa la jirani wakachungulia madirishani. Madam akaniambia huo ndio mwisho wa kweli, akaniuliza ulitoka wapi. Nikamwambia ni wako, Abdul. Hilo sikudanganya. Kamusi ni yako, nitaileta, au nitampa Remmy kama hutaki kuniona.

Ila kuna jambo moja linanicheka kila ninapolala. Katika hadithi yetu tulihitaji Idara nzima, askari, na vidude vya kooni ili kumzuia mtani mmoja asiseme. Mimi kwenu hakuna aliyenizuia. Wote mlikuwa mnanisubiri.

Nisikuchoshe. Mpe shikamoo Mama Zulfa, mwambie Mama Walburga anamwombea kwenye jumuiya kila Alhamisi, na anajua Waislamu mna dua zenu lakini yeye ameamua kuchangia. Msalimie na jirani yenu yule anayenidai bibo la mkorosho nililokula mtini kwake. Arobaini ya mzee inakaribia. Kama utaniruhusu nitakuja mapema, kwa basi, Remmy anione kwa macho yake, na nitajaribu kuifanya kazi niliyopewa. Siahidi tena kwa majivuno. Kama nitalia, nitalia mbele yenu, mnicheke mimi badala yake, na hicho pia si kicheko?

Nilitaka kufunga barua hapa, lakini nikifunga hapa nitakuwa nimekudanganya mara ya pili. Kulia si kosa, hata wewe najua utanisamehe hilo. Kosa ni hili. Kabla jeneza halijanyanyuliwa, kabla sijaandika ule ujumbe, ulitoka peke yako ukaja mpaka pembeni ya ghala. Ulikuwa karibu, ningenyoosha mkono ningeshika kanzu. Ukatazama kwenye mikorosho, ukaita kwa sauti ndogo, kama mtu asiyetaka wengine wasikie: Mngoni, umefika?

Nilikusikia, Abdul. Nilikuwa hapo. Sikuitika.

Ni mimi,
mtani wako, ukinikubali,
Thadei.